Jinsi ya kupeleka dawa kwenye kondo la nyuma kwa chembe nano, kuanzia wazo mpaka panya

Wadogo zangu wa famasia na baiolojia mmekuwa mkiniuliza hili swali mmoja mmoja, na juzi kuna mwingine kaniuliza usiku kabisa, "dada, hivi hizi chembe nano za kutibu matatizo ya mimba mtu anaanzia wapi?" (chembe nano ni vibebeo vidogo sana vya dawa, vinapimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita). Nimeona niyaweke yote mahali pamoja maana nikimjibu kila mtu peke yake nasahau vitu. Nitaongelea hasa dawa ya kupelekwa kwenye kondo la nyuma, ile plasenta, kwa ajili ya priklampsia, ile presha ya hatari ya mimba, na mtoto anayedumaa tumboni, ila mengi yanafaa kwa uchungu wa mapema pia.

Kabla ya yote, kama unasoma hapa na wewe mwenyewe ni mjamzito au una mgonjwa nyumbani: hakuna chembe nano ya kutibu priklampsia inayotolewa hospitali leo, kwahiyo mtu akija kukuuzia usinunue. Kichwa kinauma sana na hakisikii panado, macho yanaona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono imevimba ghafla, hapo ni kwenda kituo cha afya saa hiyo hiyo ukapimwe presha na mkojo. Magnesiamu salfeti ipo, dawa za kushusha presha zipo, na kwa wenye hatari kubwa daktari huwa anaanzisha aspirini ya dozi ndogo mapema kwenye mimba. Hizo ndizo zinazookoa watu leo.

Sasa kwa nini tunahangaika. Magnesiamu inazuia degedege, na ule utafiti mkubwa wa Magpie wa 2002 uliokuwa na wanawake kama 10,000 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu, lakini chanzo haikigusi. Chanzo kiko kwenye kondo. Kondo lisilopata damu vizuri linamwaga kwenye damu ya mama protini inaitwa sFlt-1, kundi la Karumanchi kule Boston ndio walionyesha hili mwaka 2003, na hiyo protini inavikamata vile vichocheo vinavyotunza mishipa, VEGF na PlGF, basi mishipa ya mama inakosa matunzo, presha inapanda, figo zinaanza kuvujisha protini. Ndio maana tiba yenyewe mpaka leo ni kulitoa kondo, na kondo hulitoi ukamwacha mtoto ndani. Mama wa wiki 26 ana presha 170 kwa 110, daktari anabaki anapima maisha ya huyu na ya yule. Mimi hilo linaniuma sana, na ndilo lililonileta kwenye hii kazi. Makadirio ya WHO kwa mwaka 2023 ni vifo vya akina mama kama 260,000 duniani, karibu asilimia 70 kusini mwa Sahara, kwahiyo tunaongelea dada zetu hapa.

Na dawa mpya kwa wajawazito zinakuja polepole kwa sababu ya woga, woga wenye haki kabisa. Thalidomide iliuzwa miaka ya mwisho ya 1950 mpaka 1961 na watoto maelfu wakazaliwa viungo havijakamilika, tangu hapo wajawazito wanawekwa nje ya tafiti nyingi za dawa. Chembe nano zinatupa njia ya kusema: dawa iende hapa, isiende pale.

Wengine wanadhani hii ni ndoto ya maabara za Ulaya tu. Hapana. Pale Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, na upande wa Uganda kule Amudat, kuna kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na inzi wa mchanga. Matibabu ya kawaida huku Afrika Mashariki ni sindano za stibogluconate pamoja na paromomycin kwa siku 17, lakini dawa za jamii ya stibogluconate zinahusishwa na mimba kuharibika, kwahiyo mjamzito anapewa AmBisome. AmBisome ni nini? Ni amfoterisini iliyofungwa ndani ya liposomu, vipovu vya mafuta vyenye ukubwa chini ya nanomita 100. Yaani chembe nano kabisa, inaingia kwenye mshipa wa mama mjamzito wa Kipokot, na anapona. Hata zile dripu za chuma za kuongeza damu, kama ferric carboxymaltose, ni viini vidogo sana vya chuma vilivyofunikwa na sukari, nazo ni chembe nano, na wajawazito wanawekewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwahiyo tunaongeza chumba kwenye nyumba ambayo tayari ina watu.

Haya, tuanze. Swali la kwanza la kuandika kwenye daftari lako, kabla ya lipidi (yale mafuta ya kutengenezea chembe), kabla ya bajeti, kabla ya kumwandikia msimamizi: dawa yangu ikome wapi? Kwa mama tu? Kwenye kondo? Au ifike mpaka kwa mtoto? Wanafunzi wengi wanaruka hili wanakimbilia kutafuta mashine. Halafu miezi sita baadaye ana chembe nzuri za mviringo ambazo hajui zifanye nini.

Ikiwa ni ikome kwa mama, mfano mzuri ni indomethacin ya kutuliza uchungu wa mapema. Dawa inafanya kazi kwenye mfuko wa uzazi vizuri, shida inavuka kondo, ikimfikia mtoto inaweza kufunga kabla ya wakati ule mshipa mfupi unaopitisha damu yake pembeni ya mapafu, na maji ya chupa yanapungua. Kuna watafiti wa Texas waliifunga kwenye liposomu, na wengine wa Newcastle ya Australia wakaongeza kitu cha kushika vipokezi vya oksitosini vilivyojaa kwenye misuli ya mfuko wa uzazi, kwa panya dawa ikabaki zaidi kwa mama na kidogo sana ikafika kwa watoto. Ikiwa ni ikome kwenye kondo, hapo ndipo priklampsia na kudumaa kwa mtoto vinapokaa. Kumfikia mtoto mwenyewe ndio kazi ngumu kuliko zote na mimi mtu anayeanza simshauri.

Tuseme umechagua kondo. Sasa ukubwa. Kuna imani imeenea kwamba chembe ikiwa kubwa kidogo basi haivuki, uko salama. Futa hiyo. Mwaka 2010 Wick na wenzake Uswisi walichukua makondo ya binadamu baada ya kujifungua, wakapitisha ndani yake vidunge vya plastiki ya polistairini, vile vya nanomita 50, 80 na hata 240 vilivuka, vya 500 ndio vikabaki upande wa mama. Mwaka uliofuata Yamashita na wenzake Japani wakadunga panya wajawazito chembe za silika za nanomita 70 na za titani dioksidi za 35, watoto wakawa wadogo na mimba nyingine zikaharibika. Ila silika hiyohiyo ilipobadilishwa ngozi yake ya nje kwa kuwekewa makundi ya amini au kaboksili, madhara yakaondoka. Chembe ni ileile, ukubwa uleule, kilichobadilika ni nguo tu. Kwahiyo usinijie na ukubwa peke yake, njoo na ukubwa, chaji, na kile kilichopakwa juu, na hata hivyo bado utapima.

Halafu anwani. Liposomu tupu ukiidunga kwenye mshipa, sehemu kubwa itaishia kwenye ini na wengu, huko ndiko mwili unakotupa takataka za ukubwa huo. Unahitaji kitu juu yake kinacholitambua kondo. Hapa kuna njia mbili ninazozipenda.

Ya kwanza ni ya Lynda Harris na wenzake wa Manchester, pamoja na Erkki Ruoslahti. Walichukua peptaidi mbili, yaani vipande vifupi vya protini, CGKRK na iRGD, ambazo zilijulikana kwa kutafuta uvimbe wa saratani. Ukifikiria vizuri, kondo na saratani vinafanana tabia, vyote vinakua haraka, vinavamia, vinajitengenezea mishipa. Mwaka 2016 wakaonyesha peptaidi hizo zinashika kondo la panya na la binadamu, wakapakia kichocheo cha kukuza, IGF-2, ndani ya liposomu zenye iRGD, na kwenye panya wenye watoto waliodumaa uzito wa watoto ukawa bora. Mimi nikimwelekeza mtu nampa hii aanze nayo.

Ya pili inatoka kwetu kabisa, inatoka kwa malaria. Mmeshasikia kwamba mimba ya kwanza ndiyo inayosumbuliwa zaidi na malaria, sababu ni kwamba vimelea vya falsiparamu vikimkuta mjamzito vinavaa protini moja inaitwa VAR2CSA, na hiyo inang'ang'ania sukari maalum iliyoko kwenye kondo, kondroitini salfeti A. Fried na Duffy walieleza huko kung'ang'ania mwaka 1996. Mama wa mimba ya kwanza hana kinga dhidi ya protini hiyo, akizaa mara kadhaa anaipata. Sasa wenzetu wa Shenzhen, China, wakachukua kipande kidogo cha protini hiyo wakakibandika juu ya chembe nano, na chembe zikaenda kwenye kondo la panya. Yaani ufunguo ambao kimelea kimeutumia kuua watoto wetu miaka yote, tunauchonga upya upeleke dawa. Ila ukiwa unafanyia kazi sehemu yenye malaria fikiria hili mapema, mama mwenye watoto wanne ana kingamwili dhidi ya VAR2CSA, je zitaing'oa chembe yako njiani? Hilo swali watu wa Ulaya hawalazimiki kuliuliza. Sisi lazima, na jibu lake linapatikana kwa kuchanganya chembe zako na plazima za akina mama wa mimba ya kwanza na wa mimba nyingi, ukalinganisha zinavyoshika.

Sasa mezani. Usianze na dawa yenyewe, dawa ni ghali, anza na rangi inaitwa kaboksifloresini, inang'aa na ni rahisi. Ukiipakia nyingi ndani ya liposomu inajizima yenyewe kwa kubanana, haing'ai sana. Ukidondoshea Triton X-100, sabuni ya maabara, kidogo liposomu zinapasuka, rangi inatoka, mwanga unaruka juu. Kwahiyo kwa tone moja unajua kama ulikuwa na vipovu vilivyofungwa kweli au ulikuwa na supu tu. Nimeona mtu kakaa na supu miezi miwili kwa kukosa kufanya hiki kipimo cha dakika tano.

Lipidi ni tatu: DSPC, kolesteroli, na DSPE yenye mkia wa PEG, uzi mrefu unaoifunika chembe kwa nje. Uwiano wa moli wa kuanzia 65 kwa 30 kwa 5 unafanya kazi vizuri. Ikiwa utabandika peptaidi, sehemu ya hiyo lipidi ya PEG iwe yenye maleimidi mwishoni, na peptaidi yako iwe na sisteini, hivyo viwili vinashikana vyenyewe kwenye pH ya karibu na 7. Yeyusha lipidi zote kwenye klorofomu, ndani ya kabati la kunyonya hewa, sio mezani jamani, klorofomu si manukato. Weka kwenye chupa ya duara, zungusha kwenye rotari evaporeta mpaka klorofomu iishe na ubaki na utando mwembamba kwenye ukuta wa chupa. Utando uwe sawasawa, ukiona mabonge yeyusha tena urudie. Acha kwenye vakyumu usiku kucha, klorofomu iliyobaki itaua seli zako halafu utadhani chembe ndizo zenye sumu.

Asubuhi mimina bafa (maji yenye chumvi za kushikilia pH) yenye rangi, ya moto, nyuzi 60 mpaka 65. Joto hili ni la lazima kwa sababu DSPC inalainika kwenye 55 hivi, chini ya hapo ni sawa na kukanda unga kwa maji ya baridi, haushiki. Tikisa nusu saa mpaka saa nzima, upate kitu cheupe kama maziwa. Hizo ni liposomu kubwa, za kila saizi, tabaka juu ya tabaka. Zipitishe kwenye ekstruda, ile yenye mabomba mawili ya sindano na kichujio katikati, anza na kichujio cha nanomita 400, kisha 200, kisha 100, na ekstruda yote ikae kwenye joto lilelile. Pitisha mara 11 au 21, yaani namba witiri, ili umalizie kwenye bomba ambalo halikuwa na mchanganyiko wa mwanzo. Maziwa yanageuka kuwa na weupe wa bluu kidogo unaopitisha mwanga. Mara ya kwanza nilipouona ule ubluu nilikaa nikautazama tu.

Rangi isiyoingia ndani iondoe kwa dayalisisi au kwa safu ya jeli. Halafu pima. Ukubwa na mtawanyiko kwa mashine ya kutawanya mwanga, unataka namba ya mtawanyiko chini ya 0.2, na chaji ya juu ya chembe. Pima kwenye bafa, halafu, na hii wengi hawafanyi, pima tena baada ya kuziacha saa kadhaa kwenye plazima, ikiwezekana ya mjamzito. Zikiingia kwenye damu protini zinazivaa kama koti, na kipokezi kinaona koti, hakioni peptaidi yako nzuri. Na damu ya mjamzito si damu ya mtu mwingine, plazima imeongezeka, albumini imeshuka, figo zinachuja haraka kuliko kawaida kwa karibu asilimia 50. Kwahiyo dozi ya mtu asiye na mimba usiichukue ilivyo.

Naomba nikae kidogo kwenye endotoksini. Endotoksini ni vipande vya ukuta wa bakteria, viko kwenye maji mabaya, kwenye vyombo, kwenye kemikali za bei rahisi. Kwenye utafiti wa saratani ni usumbufu. Kwenye mimba ni maangamizi, maana ukitaka panya azae kabla ya wakati kwa makusudi, njia maarufu maabara zote ni kumdunga endotoksini hiyohiyo! Sasa wewe umetengeneza chembe na maji yenye uchafu, umedunga, watoto wamekufa, unaandika "chembe zetu zina sumu". Au kinyume chake, mama kavimba, kondo limevuja, chembe zimepita kwa wingi, unaandika "chembe zetu zinafika vizuri". Vyote uongo, na hujui. Ilishatokea mahali nilipokuwa, mashine ya maji ilikuwa haijabadilishwa filta muda mrefu, na matokeo ya miezi minne yakaenda kwenye pipa. Fanya hivi: vyombo vya glasi vichome kwenye oveni kavu nyuzi 250 kwa nusu saa, otoklevu haitoshi, inaua bakteria lakini endotoksini inabaki. Nunua maji ya sindano kwa ajili ya bafa za mwisho. Pima kila bachi kwa kipimo cha LAL, kile cha kugundua endotoksini, na kwa kuwa liposomu zinaweza kuificha endotoksini kipimo kisiione, ongeza endotoksini ya kiasi unachokijua kwenye sampuli yako uone kama kipimo kinaiona yote. Kisipoiona, jibu la "hakuna" halina maana.

Baada ya hapo nenda kwenye kondo la binadamu kabla ya panya. Hapa tuna nafasi kubwa ambayo hatuitumii, hospitali zetu zinazalisha usiku na mchana, makondo yapo. Ila kondo si taka. Kwenye familia nyingi kondo linazikwa, bibi analisubiri nje ya wodi, na kuna watu ukiwaambia unalipeleka maabara watawaza mengine kabisa. Kwahiyo ridhaa iombwe kliniki, wakati mama ametulia, sio kwenye uchungu, iombwe kwa Kiswahili cha kueleweka au lugha yake, na aambiwe wazi akitaka lirudi kuzikwa litarudi. Nasi turudishe kweli. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako kwanza, halafu Tanzania cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au Kenya cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kama sampuli itavuka mpaka kuna mkataba wake wa kuhamisha sampuli. Na ongea na wakunga, hasa wa zamu ya usiku, wao ndio watakaokupigia simu. Kila kondo lichukulie kama lina maambukizi, glavu mbili, miwani.

Kipimo rahisi ni kukata vipande vidogo vya vijidole vya kondo na kuviweka kwenye maji ya lishe pamoja na chembe zako, ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kujifungua. Uwe na makundi manne: chembe zenye peptaidi, chembe zisizo na peptaidi, chembe zenye peptaidi iliyovurugwa mpangilio, na rangi au dawa tupu bila chembe. Hilo la peptaidi iliyovurugwa watu wanalikata kubana bajeti. Usilikate, bila hilo huwezi kusema anwani ndiyo iliyofanya kazi.

Kipimo kigumu ni kulipitishia kondo maji pande zote mbili, upande wa mama na upande wa mtoto, kwenye kipande kimoja cha kondo. Ndicho kile Wick alitumia. Unaweka antipairini kama kidhibiti, hiyo inavuka kwa uhuru, isipovuka ujue mzunguko wako haujaungana. Na ukiona maji ya upande wa mtoto yanapungua, kuna mchaniko, achana na hilo kondo. Mengi yatakushinda, ni kawaida. Lakini jibu la swali lako la kwanza, dawa ikome wapi, kwa binadamu linapatikana hapa kuliko popote.

Panya sasa. Mimba yake ni siku 19 au 20, kondo linakamilika katikati hapo, kwahiyo wengi wanadunga kuanzia siku ya 11 au 12. Hata kwa binadamu, miezi mitatu ya kwanza mishipa ya mama inayoingia kwenye kondo imezibwa kwa seli, damu haimiminiki vizuri mpaka mwishoni mwa kipindi hicho, kwahiyo chembe ya kwenye mshipa haina njia nzuri mapema sana. Kondo la panya lina kuta zaidi na halivami ndani kama letu, usiliamini sana.

Ukichinja, pima kila kiungo: kondo, mtoto, ini la mtoto, na kwa mama ini, wengu, figo, mapafu. Usilete picha ya kondo linalong'aa peke yake. Na kwenye takwimu, panya mmoja ana watoto wanane, hao si sampuli nane, ni sampuli moja, mama ndiye aliyedungwa. Nimeshasoma kazi nyingi zinazohesabu watoto na kupata namba nzuri ambazo hazipo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mRNA, yale maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini fulani. Ndio, iko kwenye kasi. Kundi la Michael Mitchell pale Pennsylvania, Kelsey Swingle akiwa mbele, walitengeneza karibu aina mia za chembe za lipidi wakazijaribu kwa panya wajawazito, moja ikapeleka mRNA kwenye kondo zaidi ya mara 100 kuliko ile fomula ya chembe za dawa ya Onpattro iliyokwishaidhinishwa. Wakapakia mRNA ya VEGF, ile ile inayokamatwa na sFlt-1, na mwishoni mwa 2024 wakachapisha kwamba sindano moja ilishusha presha ya panya wenye priklampsia mpaka mwisho wa mimba. Nimefurahi sana kuisoma. Lakini ni panya, na VEGF ikizidi ina madhara yake, na kwa anayeanza bila mashine ya kuchanganya vimiminika kwa njia nyembamba, liposomu zinatosha kujifunza kila kitu nilichoeleza hapo juu.

Cha mwisho, fanya wiki ileile uliyotengeneza bachi yako nzuri ya kwanza. Gawa chupa tatu. Moja friji nyuzi 4, moja mezani kwenye joto la chumba chenu lilivyo, moja ikaushe kwa baridi ukiwa umeweka sukrosi au trehalosi, maana liposomu ikiganda bila sukari inapasuka. Ndani ya friji weka kipimajoto chenye kumbukumbu, umeme ukikatika usiku utajua. Pima ukubwa na uvujaji wiki ya 1, ya 2, ya 4. AmBisome inafika Pokot kwa sababu ni unga mkavu unaovumilia mpaka nyuzi 25, unachanganywa na maji pale pale wodini. Ikiwa chembe yako inaishi friji tu, andika hivyo kwenye daftari, na uanze kushughulikia ukaushaji sasa hivi kabla hujamgusa panya hata mmoja.